Mnara Uliosokotwa wa Tambonia

Nchi ya Tambonia ilikaa baina ya Mlima Kito na jalala lake yenyewe, na wakuu wake walikuwa watu wa shingo ngumu kwelikweli, kwani tangu wazaliwe walikuwa wamezizoeza kugeukia upande mmoja tu, upande wa mlima. Nyuma yao ulisongamana mtaa wa Uvunguni, bati juu ya bati, ambao kwenye ramani ya serikali ulipakwa rangi ya kijani na kuandikwa "bustani". Minong'ono ilisema tingatinga zilikuwa njiani kuufuta.

Mtukufu Ngarawe, mtawala wa nchi hiyo, alitaka jumba la kuishi yeye na mawaziri wake, refu kupita yote, akamwita msanifu majengo Zaituni Mbarazi. Kazi ilikuwa na kigingi kimoja: hakuna waziri aliyekubali kuona mandhari ileile anayoiona mwenziwe. Zaituni alihangaika na fumbo hilo hadi asubuhi moja, akikamua shuka, alipoliona likipanda kwa kujiviringisha mikononi mwake. Akacheka peke yake. Jumba lingesokotwa, kila ghorofa igeuke kidogo juu ya ile ya chini, na kila mkuu apate pembe yake ya kujisifia.

Mnara ukapanda, na mji mzima ukalewa bila pombe. Mafundi waliimba wakipindana na kuta, mawaziri waliokwenda kukagua walirudi wakitembea upande upande kama kaa, na Zaituni mwenyewe alikumbatia nguzo huko juu akauona mji ukizunguka kama pia, akatamani usisimame.

Lakini Mtukufu alipoona dirisha lake linakaribiana mno na la Waziri wa Upepo, aliamuru ghorofa yake isongolewe zaidi.

"Tukizidisha, Mtukufu, utaupa mlima kisogo," Zaituni alimwambia. "Utatazama Uvunguni."

"Uvunguni ni bustani. Nani asiyependa bustani?"

Zaituni, aliyezaliwa katika bustani hiyo, aliuma mdomo kuzuia kicheko, akachora upya.

Siku ya ufunguzi mapazia yalivutwa mbele ya mabalozi. Chini kulitanda moshi, mitaro na nguo zilizoanikwa, na balozi mmoja akauliza kwa adabu maua yako wapi. Watu wa Uvunguni nao waliinua macho, wakamwona mtawala wao na paja la kuku mkononi. Wakatoa vigoda nje, wakaketi kutazama.

"Ligeuze," Mtukufu alimnong'oneza Zaituni.

"Jengo si parafujo, Mtukufu. Likishakaza, limekaza."

Mawaziri walisingizia kizunguzungu, wakashuka mmoja mmoja wakishika ukuta, wasirudi.

Kesho yake Zaituni alikuwa akinywa chai kwa mama yake, Uvunguni, tingatinga zikinguruma mwisho wa mtaa zikingoja ishara. Mtukufu akatokea dirishani, akainua mkono. Wapo waliosema anatoa amri, wapo waliosema anasalimia, na wengine waliapa kwamba anaomba kuteremshwa. Mama yake Zaituni aliweka kikombe chini, akampungia. Mtaa mzima ukapunga, kicheko kikipanda hadi mabati yakatetema, na madereva wa tingatinga, baada ya kutazamana, wakazima injini wakapunga nao.

Kule juu, Mtukufu aliinua na mkono wa pili.