Maiki ya Chumba cha Nyuma

Jumamosi asubuhi fundi alifungua skrubu mbili, akaivua maiki ganda lake na kuyalaza matumbo yake juu ya taulo. Ilikuwa maiki ya valvu ya bei ya chini, yenye taa ndogo ya kioo inayopata moto ndani, na kila aliyewahi kuitumia alilalamika kwamba inavuma kama nyuki na kwamba herufi ya s inachoma masikio.

Kazi yenyewe haikumtoa jasho. Aling'oa kapasita tatu duni na kulehemu nzuri mahali pake. Alichomoa valvu iliyokuja nayo, akatia kuukuu aliyoitoa kwenye redio iliyokwisha kata roho. Mwisho akaondoa wavu wa ndani, maana kichwa cha maiki kilikuwa na nyavu mbili, na sauti ilipita humo kama ya mtu anayeongea na shuka mdomoni. Akaiacha ipate moto nusu saa, kisha akaiunga na kinasa sauti, akavaa spika za masikioni na kusema, "Moja, mbili, tatu."

Alipoirudisha rekodi na kuisikiliza, ilitoka sauti ya mwalimu wake wa darasa la kwanza, mwanamume mwenye mafua yasiyopona. Fundi akaandika katika daftari la kazi: mvumo umekwisha, s haichomi, kila neno linatoka kwa sauti ya mtu ambaye msemaji alilipata kwake.

Saa sita alipita jirani yake mtangazaji, akaijaribu kwa tangazo la magodoro. Likatoka kwa sauti ya mwanamke iliyokwaruza, karatasi zikichakacha nyuma yake.

"Huyo sekretari wetu," alisema mtangazaji. "Ndiye anayeyaandika." Akauliza kama inawezekana kupunguza kidogo mchakacho wa karatasi, kwa kuwa mengine yote yamekaa sawa.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, hakina dirisha, na wateja wapya walikitafuta hadi wakakata tamaa. Zamani alifanya kazi katika chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Miaka mitatu iliyopita mama yake alilazwa hospitali, na mchana mmoja fundi alikwenda nyumbani kumchukulia shuka safi. Aliporudi, mama ameshafariki. Mdogo wake wa kiume alikuwa kando ya kitanda pamoja na mama yao mdogo. Kijana alimshika fundi, dada yake, mkono, machozi yakimtiririka, akamwambia maneno ya mwisho ya marehemu: chumba cha mbele aachiwe yeye, dada ahamie nyuma. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa.

Fundi hakuuliza mara mbili. Ni yeye aliyembeba kijana huyo mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akamsomesha hesabu hadi zikamwingia. Na mama akishasema, amesema. Meza ya kazi waliihamisha wawili, huyo kaka ameshika upande mmoja, akimwonya dada asijikwaruze kwenye fremu ya mlango. Wiki iliyofuata chumba cha mbele kikawa duka la simu.

Sasa kaka alikuwa amesikia kwamba dada ana maiki inayotoa sauti safi. Alitaka kurekodi kumbukumbu za mama ili awatumie binamu walio mbali. Saa kumi alifunga duka, akaja nyuma na mama mdogo, wakakaa kwenye mabenchi. Fundi akaweka maiki usawa wa kidevu cha kaka.

Kaka alijua kusimulia. Alianza na yale ya nyumbani, jinsi mama alivyokuwa akisema, "Zimeni taa, umeme si mjomba wenu." Kisha akafika hospitali. Mama aliomba asogezewe mto. Mama aliuliza, "Dada yako amefika wapi? Mwambie asikimbie barabarani." Halafu mama akasema, "Chumba cha mbele chukua wewe, dada yako atakaa nyuma."

Mama mdogo akaongeza bila kuombwa, "Na mimi nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu."

Fundi alirudisha rekodi mwanzo. Umeme na mjomba vilitoka kwa sauti ya mama, na mama mdogo akacheka huku akifuta macho. Mto ulitoka kwa sauti ya mama, dhaifu. Dada yako amefika wapi, mwambie asikimbie, vilitoka kwa sauti ya mama, pumzi zikisikika katikati. Chumba cha mbele kilitoka kwa sauti ya kaka. Masikio ya mama mdogo nayo yalitoka kwa sauti ya kaka, nzito, ya kiume.

Fundi alirudia kipande hicho mara tatu, kama afanyavyo kwa kifaa chochote.

"Ndivyo alivyonielekeza niseme," alisema mama mdogo, akitazama sakafu.

"Angesema tu, dada," alisema kaka. "Pumzi ndiyo iliyomkatikia."

"Ulinishika mkono."

"Nilikuwa na huzuni. Hiyo haikuwa ya uongo."

Fundi alitazama kovu la risasi ya kulehemu kwenye kidole chake. Yalikuwepo mengi ya kusema, yaliyotosha miaka mitatu. Lakini kidole hicho, kwa mazoea, kilikuwa kimebonyeza tena kitufe cha kurekodi, na wale wawili walikuwa wakimsubiri, na kilichomtoka kilikuwa kifupi.

"Basi, yaishe."

Akarudisha, wakasikiliza. Ilitoka sauti ya mama, iliyochoka.

"Hivyo hivyo," alisema mama mdogo. "Alisema hivyo hivyo siku kaka yetu alipochukua kiwanja."

Kaka alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ametulia.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Mama kasema yaishe."

Akahamishia rekodi kwenye simu yake. Palepale kwenye benchi alikata vipande viwili vilivyokuwa na sauti yake, akavitupa, akaitunza sauti ya mama mwanzo hadi mwisho. Akamshukuru dada yake kwa kazi nzuri, akarudi mbele kufungua duka, kwani wateja wa jioni walikuwa wameanza kugonga kioo.

Binamu walijibu kesho yake. Walisema sauti ni safi mno, mtu anaweza kuhesabu pumzi za marehemu, na wakamsifu mtoto wa kiume kwa kumkumbuka mama yake.