Jina la Mume Wangu

Kwetu Punjab mke hamtaji mumewe kwa jina; ukimtaja, unampunguzia umri. Wangu nilimwita "wewe" au "unasikia?", naye akawa ananichokoza kila nikimtengea mkate wa mahindi: "Niite jina basi, au umelisahau?"

Siku alipopanda treni kwenda Ufaransa kupigana vita vya Waingereza, alitoa kichwa dirishani mbele ya kijiji kizima. "Leo niite, bibi wewe! Mara moja tu!" Nikauma mtandio wangu. Treni ikaondoka naye akicheka.

Jana Pakhar, askari mwenzake, alirudi na bangili ya chuma ya mume wangu. Alituambia aliuawa vitani, wakachoma maiti yake huko huko kama ilivyo desturi yetu, kwa kuni mbichi, mvua ikinyesha. Mama mkwe alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akanishika mkono.

"Sasa mtaje, mwanangu. Hakuna cha kukuzuia tena. Mlilie kwa jina lake."

Nikauchomoa mkono wangu.

"Mtaje wewe, mama, uliyemzaa. Mimi sitampunguzia hata siku moja."