Kivuli cha Mama Sidonia

Saa moja na nusu asubuhi wanafunzi wa shule moja ya msingi pembezoni mwa Ihumwa hupanga mstari uwanjani, nyuso zao zikitazama mashariki. Uwanja hauna mti hata mmoja. Sidonia wa darasa la tatu, mtoto mwenye ualbino, husimama mbele kwa sababu ni mfupi.

Jumatatu moja mwalimu mkuu, Ambokile, alimvua kofia pana aliyoshonewa na mama yake. "Kofia si sare," alisema, akaifungia kabatini. Kisha akahutubia kuhusu usafi kwa dakika arobaini. Sidonia alirudi nyumbani na malengelenge shingoni.

Mama yake, Loisi, mponda kokoto, alikwenda zahanati kuomba losheni ya kukinga jua. Haijaletwa, aliambiwa, kama mwezi uliopita. Akaenda shuleni.

"Mwalimu, naomba kofia ya mwanangu."

"Nikimruhusu mmoja, mama Sidonia, kesho watavaa wote."

"Si wavae? Jua linawachoma wote."

"Utaratibu ni utaratibu."

Kesho yake Loisi alimsindikiza mtoto mpaka uwanjani. Alipogeuka kwenda kazini, kivuli chake hakikumfuata. Kilikuwa kimesimama wima mbele ya Sidonia, upande wa jua, kikimkinga.

"Haya, usimwache," Loisi alikiambia, akaondoka.

Kwenye kokoto, jirani yake Anna alimtazama miguuni. "Umekiacha wapi?"

"Shuleni."

"Umefanya vizuri," Anna akasema, akainua nyundo.

Mwalimu Ambokile alikiamuru kivuli kitoke mstarini kwa kuwa hakikuandikishwa. Hakikutoka. Akamwita mlinzi, mzee Batholomeo, ambaye alijaribu kukifagia, akachoka, akakaa chini yake kupumzika. Siku hiyohiyo Loisi aliletewa barua: mzazi aondoe kivuli ndani ya siku tatu. Akajibu nyuma ya karatasi ileile: *Rudisheni kofia.*

Siku tatu zikapita. Siku ya nne kivuli cha Anna nacho kilikuja, ingawa hana mtoto pale. Kufikia mwisho wa mwezi vilikuwa tisa, vyote vya wanawake wa kokoto, na mstari mzima wa mbele ulikuwa na ubaridi. Kamati ya shule ilikaa, ikaamua kwamba vivuli visizidi kumi na kwamba kofia bado si sare. Mwalimu mkuu akarefusha hotuba.

Jioni, kivuli kiliporudi na mtoto, Loisi aliumwa miguu kama mtu aliyesimama kutwa.

Mwishowe aliitwa ofisini.

"Utakiondoa lini?" Ambokile aliuliza.

"Akimaliza la saba."

Mwalimu akafungua daftari la wazazi wakorofi, akaandika polepole. Loisi aliinama juu ya meza, akasoma, akaweka kidole chenye vumbi la mawe kwenye ukurasa.

"Umekosea, mwalimu. Siyo Loyce. Ni Loisi. Andika vizuri."

Ambokile akafuta, akaandika upya.