Isale la Primus

Katika semina ile ya ukumbi wa parokia, Kibosho, hakuna aliyejibu vizuri kumshinda Mektrida, balozi wa nyumba kumi. Mwezeshaji, Ruth, mwanamke wa Machame asiyebembeleza mtu, aliuliza: mwanamke anayepigwa utamjuaje? Mektrida akajibu bila kupumua. Anajifunga kitenge hadi shingoni jua likiwaka. Anasema ameteleza kihambani, kwenye migomba, na kihambani kwenyewe kumekauka. Mumewe akiingia, anakatisha maneno. Watu wakampigia makofi.

Hawakujua alikuwa anasimulia habari za mwanawe mwenyewe. Theodora alikuwa amekimbilia kwake, mkono umevunjika, umening'inizwa shingoni.

"Sasa mnamsaidiaje?" Ruth akauliza.

"Mume analeta isale," wakaitikia karibu wote, kama watoto wa katekisimu. Tawi la isale, mmea wa heshima wa Wachagga, likiletwa mlangoni, Mchagga hakatai. Kosa limesamehewa, wazee wanakunywa mbege, mke anabeba mfuko wake anarudi. Raha iliyoje, kwa wazee!

"Hata kwetu Machame masale yapo," Ruth akasema. "Hebu niambieni, isale linaomba nini?"

"Msamaha."

"Na kurudi, nani anaomba?"

Mektrida aliona haya, kisha hasira, na hasira ile akaenda nayo nyumbani. Maana Jumamosi Primus, mume wa Theodora, alikuwa anakuja kumchukua mkewe, na Mektrida aliamini safari hii ataletewa maiti.

Primus akaja kweli, tawi la isale mkononi, mpole kama mtoto wa komunio ya kwanza. Alitanguliwa na baba yake mdogo, Mzee Thadeus, na debe la mbege.

"Shikamoo, mama," Primus akaamkia.

"Marahaba."

"Mama Theodora, isale ndilo hilo," mzee akasema. "Tusichoshane. Binti akusanye vitu vyake, mvua isitukute njiani."

Theodora akatoka hadi uani, akalipokea tawi kwa mkono wake mzima. "Nimekusamehe, Primus," akasema. Mzee alikwisha kuuona mfuko wa nguo pale kibarazani, akaunyooshea mkono. Mektrida akaukalia.

"Msamaha mmeomba, mmepewa. Mwanangu harudi. Na kesi tuliyofungua polisi iko palepale."

"Balozi mzima unavunja mila!"

"Mila ipi? Nionyeshe isale liliposema arudi akavunjwe mkono wa pili!"

Primus akapiga hatua mbele, ule upole umemwisha usoni. "Theodora, twende."

Theodora hakurudi nyuma. Aliinama, akalichomeka lile tawi kwenye udongo uliolowa, katikati ya miguu yake na ya mumewe, akalishindilia kwa kisigino. Kila kihamba Kibosho kimezungushiwa masale. Ndiyo mipaka, na hata mlevi haling'oi isale la mwenzake.

"Wewe mwenyewe umelileta," akamwambia. "Huu ndio mpaka wangu na wewe. Kama unauweza, ung'oe, baba yako anaona."

Primus akamtazama mzee. Mzee akalitazama isale. Mektrida naye alikuwa amesimama, panga la kukatia majani ya ng'ombe liko karibu na mguu wake, na hakuona sababu ya kulificha.

"Usiliguse," mzee akasema. "Beba hilo debe turudi."

Na siku ile aliyerudi alikuwa Primus.