Sifuri Mbili za Kinamkunda

Wewe uliona. Usiseme hukuona. Basi lilipunguza mwendo kwenye matuta ya Iguguno, ukatoa mkono dirishani ukanunua mafuta ya alizeti, na ng'ambo ya barabara ukaliona bango jipya la kampuni, na chini ya bango wanawake waliokaa juu ya madumu matupu. Uliwaona vizuri tu. Kisha ukafunga dirisha kwa sababu ya vumbi na ukarudi kwenye simu yako. Haya yalitokea nyuma ya bango lile, kijiji cha Kinamkunda, karibu kiasi kwamba chupa ya maji uliyokuwa unakunywa isingeisha kabla hujafika. Sasa utasikiliza.

Watu wa Kinamkunda wamekabidhiwa maji mara nyingi kuliko watu wowote unaowajua. Walikabidhiwa pampu ya mkono, ikakatika mpini. Walikabidhiwa lambo, leo ni uwanja wa mpira. Mwaka wa uchaguzi walikabidhiwa bomba, likatoa upepo, na upepo wenyewe ukakatika baada ya kura. Mara zote zilipigwa ngoma, na mara zote alitafutwa mama mmoja wa kutwishwa ndoo na mgeni rasmi ili picha itoke.

Safari hii mtoaji alikuwa kampuni ya barabara. Ilipomaliza lami ikavunja kambi, na ndani ya kambi kulikuwa na bwawa la kuogelea la mameneja. Bwawa halibebeki. Mtambo wa kusafishia maji ya bwawa unabebeka. Ukafunguliwa boliti, ukapakiwa kwenye trekta, ukafungwa chini ya tangi la Kinamkunda, ukapakwa rangi ya bluu na kuitwa Mradi wa Maji Safi na Salama. Chakula chake kilikuwa vidonge vya bromini, dawa ya kuua vijidudu vya majini, kila kidonge kama kipande cha sabuni ya kufulia. Vililetwa vimejaa ndoo.

Mwenyekiti wa kijiji, Antipasi, aliipokea ndoo ile kwa mikono miwili, akaipeleka nyumbani kwake, akaifungia chumba cha wageni.

Hapo usicheke. Kinamkunda kitu kizuri ni cha mgeni. Kila nyumba yenye uwezo ina kabati la vioo, na humo mna vikombe vya maua ambavyo watoto wa nyumba hiyo wamekua na kuoa bila kuvinywea chai. Shuka jeupe ni la mgeni. Paja la kuku ni la mgeni. Sasa mtu amekuletea dawa iliyoandikwa kwa lugha tatu. Utaanzaje kuitumia siku ya Jumanne na hakuna anayekuja? Antipasi hakuwa mwizi. Hakuuza hata kidonge kimoja. Alivitunza. Mtambo ukawa unapitisha maji kama yalivyotoka, na tangi lenyewe halikuwa na kifuniko, kunguru wanaoga humo asubuhi na jioni.

Ufunguo wa bomba la chini aliushika Sikudhani, ambaye wengi humwita Mama Idrissa. Ndiye aliyekuwa mhudumu: anafungua, anapanga foleni, anatenganisha wanaogombana. Mjukuu wake Yunisi, mtoto wa binti yake, alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, mara ya pili tangu mavuno, kwa sababu ya tumbo la kuhara. Safari hii walimtundikia dripu ya mguuni kwa kuwa mishipa ya mikono ilikuwa imejificha. Muuguzi alimwambia Sikudhani achemshe maji, na Sikudhani akachemsha. Lakini mtoto wa miaka minne hanywi kwa bibi yake peke yake. Anakunywa kwa jirani, anakunywa njiani, anakinga kiganja bombani. Sikudhani alitaka kitu kimoja: ijulikane mbele ya watu kama maji yale yana dawa au hayana, kabla kampuni haijayakabidhi. Wakishakabidhi, ukilalamika unaambiwa mradi ni wenu.

Alianza kwa Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, ile dawa inawekwa?"

"Ipo, Mama Idrissa."

"Sikuuliza kama ipo."

"Imetunzwa. Unataka iishe, halafu wageni waje na kipimo chao tuonekane watu wa ovyo?"

"Yunisi katundikiwa dripu."

"Pole sana. Siku ya wageni mlete anywe."

Siku ya wageni ikafika. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mbuzi walifungwa mbali. Antipasi akatoa ndoo chumbani na kumwita Amosi, fundi pampu.

"Weka."

"Vingapi, Mwenyekiti?"

"Vyote."

"Vyote? Mtambo unameza vichache tu."

"Amosi, mgeni unampakulia mboga kijiko kimoja?"

Vidonge vilivyobaki vilitwangwa kwenye kinu vikamwagwa tangini. Aliyetwanga ni Editha, jirani yake Sikudhani, na alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu kama mtu aliyelia matanga mawili mfululizo. Kunguru walikuja, wakazunguka juu ya tangi, wakaondoka.

Wageni walikuwa wawili. Wa kwanza ni Benson, meneja wa mahusiano wa kampuni, ambaye pia ndiye aliyekuwa mgeni rasmi kwa sababu aliyealikwa hakutokea. Wa pili ni Godfrey, mpimaji wa maji kutoka Singida Mjini, mtu mzima, mtaratibu, mwenye mafua makali. Alibeba kisanduku, na ndani ya kisanduku mlikuwa na kolorimita, kimashine kinachotosha kiganjani. Kazi yake ni kusoma rangi. Maji yenye bromini ukiyatia unga wake yanageuka mekundu kama juisi ya rozela; wekundu ukikolea namba inapanda, ukififia namba inashuka.

Godfrey alipima mbele ya watu wote. Akajaza kichupa cha kioo, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza kwenye kimashine ili kwanza kijue sifuri ni ipi. Akakitoa, akatia unga, akatikisa. Maji yakawaka mekundu, watu wakasema "Eee!" na kabla hawajaifunga midomo, wekundu ukawa umekwenda. Maji meupe. Akarudisha kichupa, akabonyeza.

"Sifuri," alisema.

"Sifuri ya nini?" Antipasi aliuliza.

"Ya bromini. Hakuna dawa."

"Rudia, mheshimiwa."

Akarudia. Nyekundu, nyeupe, sifuri.

"Hebu nusa!" Antipasi alikuwa karibu kulia. "Nusa tu! Ndoo nzima imo humo!"

"Mimi nina mafua, Mwenyekiti. Na mashine haina pua."

Sikudhani alikuwa amekuja na chupa iliyofungwa kwa kipande cha nailoni. Aliyachota maji yale jana yake jioni, bomba lile lile, kabla ndoo haijafunguliwa. Akampa Godfrey.

"Pima na haya, baba. Haya ndiyo tunayokunywa wageni wasipokuwepo."

Godfrey akapima. Safari hii hayakuwaka kabisa. Sifuri.

"Mnaona?" Benson alisema. "Ya jana na ya leo ni sawasawa. Maji yenu hayabadilikibadiliki. Huo nao ni ubora."

"Haya ya leo yananiuma macho," Editha alisema. "Ya jana hayaniumi. Namba yao iwe moja kwa nini? Ni mapacha?"

Watu wakacheka. Godfrey hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kichupa cha kwanza na kupenga kamasi polepole, kama mtu anayemkumbuka mwalimu wake wa zamani. Kisha akamwomba Benson chupa yake ya maji ya dukani, akachanganya fungu moja la maji ya bomba na mafungu tisa ya dukani, akatia unga. Yakawa mekundu. Yakakaa mekundu. Kimashine kikasema nne nukta moja.

"Dawa ikizidi sana inaila rangi yake yenyewe," alieleza. "Ndiyo maana ilikuwa inawaka na kuzima. Hii tumeipunguza mara kumi. Kwa hiyo maji ya leo ni arobaini na moja."

"Na inatakiwa ngapi?" Sikudhani aliuliza.

Godfrey akafungua kijitabu cha mtambo. "Mbili hadi nne."

"Kwa kunywa?"

"Kwa kuogelea. Kwa kunywa hakijasema."

Antipasi alijifuta jasho, uso wake unang'aa kidogo: arobaini na moja palipotakiwa nne. Hakuna kijiji kilichowahi kumpa mgeni kiasi kile.

Lakini Benson alikuwa mtu wa vikao, na mtu wa vikao hashindwi na namba. "Tusikimbilie kulaumiana," alisema. "Leo arobaini na moja. Jana sifuri. Wastani wake?"

"Ishirini na nusu," Amosi alijibu. Hesabu alikuwa anaziweza.

"Bado ni kubwa. Juzi?"

"Juzi dawa ilikuwa kwa Mwenyekiti."

"Sifuri basi. Ingiza. Na siku iliyotangulia?"

Wakaendelea kurudi nyuma siku baada ya siku, kama mpishi anayeongeza maji kwenye mchuzi uliozidi chumvi. Amosi anagawanya kwa kijiti mchangani, Benson anatikisa kichwa, sifuri nyingine inaingizwa. Walipofika siku ya kumi na tatu Amosi akasema, "Tatu na ushee."

"Simama hapo hapo," Benson alisema. "Tatu iko katikati ya mbili na nne. Maji ni salama."

Watu wakapiga makofi. Usiwashangae, walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, na wewe ungepiga.

Ni katika makofi hayo ndipo Yunisi alipochoropoka kwenye kanga ya bibi yake. Alichuchumaa bombani, akakinga kiganja, akainamisha mdomo. Sikudhani alimfikia kwa hatua ambazo magoti yake hayakuwa nazo siku nyingi, akaupiga ule mkono. Maji yakamwagika. Mtoto akaangua kilio, na kiganja kikaanza kuwa chekundu.

"Mama Idrissa, usitie mkosi," Antipasi alinong'ona. "Njoo utwishwe ndoo. Mpiga picha anasubiri."

Maana mama wa kutwishwa mwaka huu alikuwa yeye.

Sikudhani alimkabidhi Editha mtoto. Akafungua bomba, akajaza ndoo hadi shingoni. Benson akakunja mikono ya shati, akajiweka tayari kwa picha. Lakini Sikudhani hakuinama. Alichota maji kwa kata, akapiga goti moja mbele ya Benson, akamnyooshea kata kwa mikono miwili, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.

"Karibu uonje, baba."

"Asante mama, hapana. Haya ni yenu."

"Bado hayajawa yetu. Hujasema neno la kukabidhi. Na huku kwetu, hata togwa ikitolewa, mwenye chungu anaonja kwanza mbele ya watu, ndipo mgeni apewe. Mpaka sasa mwenye chungu ni wewe. Wageni ni sisi."

Benson alimtazama Antipasi amwokoe. Akakosea mtu wa kumtazama. Mambo ya mgeni na mwenyeji ndiyo dini ya Antipasi, baada ya ile ya Jumapili.

"Hapo kweli, bwana Benson," Antipasi alisema kwa huzuni. "Ni mila. Onja tu kidogo."

"Nimetoka kunywa soda."

"Soda siyo maji," wanawake wakasema.

"Daktari amenikataza..."

"Daktari amekukataza maji?" Editha alidakia. "Huyo na wewe mna ugomvi gani?"

"Jamani, wastani ni tatu! Mmesikia wenyewe!"

"Tumesikia," Sikudhani alisema. Goti bado lilikuwa chini na kata bado ilikuwa mikononi. "Lakini mwanangu, mjukuu wangu hanywi wastani. Anakunywa ya siku hiyo. Nawe kunywa ya leo."

Benson aliipokea ile kata. Harufu ikamfikia, yeye hakuwa na mafua. Alitazama maji, akawatazama watu, akamtazama mpiga picha ambaye, kwa kutokujua, alikuwa anaendelea kupiga. Kisha akairudisha kata ndani ya ndoo taratibu, bila kumwaga tone, akasema shughuli ya kukabidhi itapangiwa tarehe nyingine. Gari likaondoka. Godfrey, kutoka dirishani, alimwambia Amosi afungulie maji ya tangi yote yaende na asiruhusu hata ng'ombe kuyanywa.

Sikudhani alifunga bomba kwa kufuli. Jioni hiyo alikwenda kwenye mchanga wa mtoni na wenzake, wakachimba, wakasubiri maji yajikusanye. Alichemsha ya Yunisi. Ndivyo wanavyoishi mpaka leo: bomba la bluu, kufuli, na wanawake wanachimba mchanga. Kampuni imeleta taarifa kwamba itarudi kukabidhi mwezi ujao. Haikutaja mtambo mwingine, wala kifuniko cha tangi. Imeomba mambo mawili: mama mwingine wa kutwishwa ndoo, na mkutano uwe mfupi.

Kwa hiyo usimalize kusoma ukasema maskini Kinamkunda. Bomba lako nalo lina siku zake za wageni. Inuka. Nenda leo, kabla ofisi haijafungwa, ofisi ya kijiji au ya mtaa wako, uulize maji unayompa mwanao yalipimwa lini, na nani aliambiwa mapema kwamba wapimaji wanakuja. Wakikusomea wastani, kataa. Dai yapimwe sasa hivi, wewe ukiwa umesimama pale, na watu uliowaleta wakiwa nyuma yako. Weka hiki unachosoma chini. Nenda.