Subiri Toleo Lijalo

Haraka haraka haina baraka, na anayenisema kwa hilo aje aniseme usoni. Ndiyo, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta yangu, ni ya zamani. Nikiiwekea video ya mechi ya Jumamosi ya timu yetu hapa Broken Hill, Australia, ili niikate na kuiunganisha, inanguruma mpaka Jumatatu, na vumbi letu jekundu limejaa kwenye feni.

"Clarrie, hiyo video inatoka lini, Krismasi?" Ndivyo kocha Garth anavyonikebehi klabuni mbele za watu. "Nunua mashine mpya, mzee, acha ubahili!"

Ubahili! Laiti angejua. Pesa ninayo. Nisichonacho ni mtu wa kuongea naye tangu mke wangu Maureen afariki. Binti yetu Tamsin yuko Perth, na kazi yake ni hizo hizo kompyuta. Siku za kawaida hapigi. Ila prosesa mpya zikitoka, simu inalia. Hatununui siku ya kwanza. Mjinga tu ndiye anayenunua siku ya kwanza. Tunangoja wenye vipimo vyao mtandaoni wazipime, kisha tunabishana jioni nzima. Hii ina kasi lakini inachemka kama birika. Ile haili umeme, lakini haikai kwenye bodi ya zamani, ile sahani inayobeba vifaa vyote, kwa hiyo ununue na bodi, na memori pia. Mwisho tunakubaliana tusubiri toleo lijalo, na mimi nalala nimeshiba maneno.

Mwaka huu alipopiga, sauti yake ilikuwa imechoka.

"Baba, safari hii nunua."

"Ninunue nini? Si wanasema mwakani inakuja nyingine?"

"Kila mwaka kuna mwakani, Baba."

"Na memori zimepanda bei."

"Baba bwana! Una hoja kuliko wakili. Basi nimeshakununulia. Prosesa, bodi, memori, feni, vyote nimevituma kwa posta. Najua wewe ni mtu wa kufunga mwenyewe."

Nikasema asante. Jioni yetu ya kubishana ikaishia hapo.

Boksi lilipofika nililiweka mezani, nikala mkate wangu na nyama baridi huku nikilitazama kwa jicho baya. Kisha nikalifungua. Nikafunga bodi, nikakalisha prosesa mahali pake, nikaipaka dawa ya kupitishia joto. Nilipoigeuza feni, chini ya chuma chake palikuwa na nailoni nyembamba, imeandikwa kwa wino mwekundu: bandua kwanza. Kila anayefunga kompyuta anaijua nailoni hiyo. Ukiisahau joto halipiti, mashine inajizima, na wenzako watakucheka mpaka uzeeke.

Mimi sikuisahau. Niliiona vizuri, nikaiacha makusudi, nikakaza skrubu.

Mashine ikawaka, ikapata moto, ikazima. Safi! Nikajimiminia chai, nikavuta kiti, nikampigia Tamsin. Nilishapanga moyoni: tutaanza na umeme, twende kwenye memori, turudi kwenye bodi, tubishane mpaka giza liingie.

"Inajizima, mwanangu. Itakuwa bodi hii."

"Inawaka kwanza ndipo inazima?"

"Ndiyo. Au labda memori?"

"Baba." Akaanza kucheka. "Umebandua nailoni chini ya feni?"

"Nailoni gani?"

"We mzee, na ubingwa wako wote! Ibandue, futa, paka dawa upya, kwisha kazi. Haya, nakimbilia kikaoni."

Hata chai sikuwa nimeionja.

"Ngoja, Tamsin. Na nikishindwa?"

"Huwezi kushindwa. Na ujue, hiyo prosesa utakaa nayo miaka kumi. Hatusumbuani tena na toleo hili mara toleo lile."

"Miaka kumi mimi nitakuwa na themanini na sita, mwanangu."

Alicheka kweli kweli, akadhani namtania. "Basi tutakununulia nyingine ukifika themanini na sita!" Akakata.

Nikabandua ile nailoni. Mechi ya Jumamosi ikawa tayari kabla sijamaliza kikombe, na mimi nikabaki na jioni nzima, sina wa kumpigia.