Miguu ya Anyona

...na bomba nalo leo limeamua kutoa maji tone kwa tone kama mtu aliyeombwa mchango wa harusi, jana lilikuwa likimwaga hadi watu wanaruka kando, leo ndiyo Sabato ya Meza ya Bwana, siku ya kuoshana miguu kabla ya mkate, wanaume wamejipanga nyuma ya kanisa na mabeseni mikononi, basi limebana koo, na Thadeus, kiongozi wa vijana, ameinama mbele ya tangi na beseni lake la buluu, anasikiliza tone, tone, tone, anaikaza shingo isigeuke upande wa shamba la majani chai, maana ikigeuka tu atamwona Anyona, na Anyona ameketi peke yake kwenye benchi la mwisho, viatu ameshavua, suruali ameikunja hadi magotini, nyayo zake ziko juu ya nyasi zinangoja mtu wa kuja kuziosha, na mtu haji, wengine wote wameshapatana, mzee na mzee, jirani na jirani, hata wale mashemeji wawili waliogombania mpaka wa shamba hadi wakaitwa kwa chifu, wanachekeana sasa hivi vidole vikiwa majini, ila Anyona hana mtu, na hapo nyuma Bosire ananong'ona, "Nani atashika miguu za huyo teja, bana? Wewe ni wangu leo, nimevaa soksi mpya juu yako," na Thadeus akacheka, akacheka kweli, kicheko kilimtoka kabla hajakiuliza kinakwenda wapi... soksi mpya, ee, na miguu iliyomo ndani imesuguliwa nyumbani kwa jiwe na sabuni, kama ya Thadeus, kama ya kila mtu hapa, maana hakuna mwanamume wa Sironga atakayeleta uchafu wake kanisani aoshwe mbele za watu, unaosha kwako kwanza, ukifika huku unamwagiwa maji juu ya usafi, mwenzako anapangusa kitu ambacho hakipo, mnakumbatiana, mnaingia ndani kula mkate, na ukifikiria vizuri... lakini nani alimwambia afikirie vizuri, shida ya foleni ni hiyo, inampa mtu nafasi ya kufikiri, usile na tumbo tupu, ndivyo alivyosema Anyona siku ile sokoni, usile na tumbo tupu, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Daraja Mbili ile, nyuma ya mitumba, siku ya soko, Thadeus na wenzake watatu wa chuo, raba nyeupe miguuni, wamekwenda kwa yule jamaa anayeuza keki kwenye ndoo ya plastiki, keki za watoto wa shule juu, zile zenyewe chini, zenye bangi, chuoni kila mtu anazijua na hakuna anayeona ni jambo, wameshapokea, wameshafunga kwenye gazeti, ndipo Anyona akatokea amejitwisha mkungu wa ndizi, alikuwa akiwabebea akina mama mizigo apate ya kuvuta, akautua chini, akatazama gazeti, akamtazama Thadeus, akasema kwa Ekegusii ili wale wengine wasisikie, momura ominto, hizo usile na tumbo tupu, zitakushika vibaya, momura ominto, kijana wa kwetu, wa nyumba moja, na yule mwenzake mmoja wa kutoka mbali akauliza, "Thadi, unamjua huyu msee?" na Thadeus akasema, "Simjui. Ni teja tu wa soko." Jogoo hakuwika, ulikuwa mchana na majogoo wote wa Daraja Mbili walikuwa wamefungwa miguu wakingoja wanunuzi, lakini Anyona alisikia, Kiswahili anakijua huyo, darasa la nane ndiye aliyekuwa akimsahihishia Thadeus insha kabla mwalimu hajaziona, akainamia mkungu wake, akajitwisha, akaenda, na miguu yake ndani ya gambuti zilizotoboka ilikuwa ikilia pwata, pwata, kwenye matope ya soko... simjui, Mungu wangu, mtu mliyekula naye ugali sahani moja.

Na si kwamba bangi ni neno siku hizi, wazee ndio wanaoona ni neno, baba yake Thadeus akitaja mvuta bangi hushusha sauti kama anataja mchawi, zamani kijana akishukiwa tu mama yake alikuwa akizunguka njia ya mbali kwenda sokoni asikutane na macho ya watu, lakini wao wa sasa, wao wana fulana zenye jani kifuani, wana vibandiko kwenye simu, wana hoja, ni mmea tu, aliyeuotesha ni Mungu, mbona chang'aa ya wazee imezika nusu ya ukoo na hamsemi, Thadeus mwenyewe ameyasema hayo hostelini akisimama juu ya kitanda na wenzake wakapiga makofi, na jioni hiyo hiyo, chumba hicho hicho, mdomoni keki ingali tamu, walikuwa wakipitishiana video ya mtu amelala wima stejini Keroka, pale pa matatu, mate yanamchuruzika, wakashika mbavu kwa kucheka, ona teja, ona zombi, na hakuna aliyeona aibu, nyani haoni kundule, ukila ukiwa na raba nyeupe umeburudika, ukivuta ukiwa na gambuti mbovu wewe ni teja, basi tofauti yote ni viatu, na hapa leo viatu vinavuliwa... "Thadi, umelala hapo? Njaa inaniua," Bosire huyo, na tone, tone, beseni halijafika hata nusu.

Afadhali ingeishia sokoni. Lakini lile baraza la kanisa, ee, lile ndilo linalomla, mama Gladys amesimama na kitambaa chake kichwani akiomba mwanawe Anyona arudishwe kwaya, anajaribu kuacha, wazee wangu, mtoto anajaribu, akiwa na nyinyi atajaribu zaidi, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, mimi nimpeleke zizi gani lingine, na mioyo ikaanza kulegea, ikaonekana, hadi Thadeus aliposimama, tai shingoni, Biblia kwapani, akasema, "Vijana wamenituma. Tunampenda ndugu yetu, lakini kwaya ina watoto wadogo, wataiga," na hakuna kijana aliyemtuma, hata mmoja, alijituma mwenyewe, hakutaka mtu aliyemwona na lile gazeti aketi nyuma yake kila Sabato akimwangalia kisogo, akapamba woga wake kwa jina la watoto, na Mzee Omosa, mwenye kikao, akageuka, "Anyona, una neno?" na hapo Thadeus akaibana Biblia kwapani, maana neno lilikuwepo, neno moja tu, keki, likitamkwa basi tai, cheo, baba, vyote chini, na Anyona akatazama viatu vya Thadeus, akasema, "Sina neno, mzee." Sina neno. Angalau angetukana, Thadeus angepata pa kumchukia. Mama Gladys akafungua kitambaa chake akakifunga upya kichwani, akatoka, na tangu siku ile akisalimiwa na Thadeus huitikia vizuri kabisa, hujambo mwanangu, wazazi hawajambo, na kila hujambo yake humchoma mtoto wa watu kama pilipili jichoni.

Na kipande cha keki aliyonunua tena wiki hii bado kipo, hata sasa hivi, ndani ya soksi kuukuu chini ya godoro, alikula Alhamisi, jana jua lilipokaribia kutua akakificha, maana Thadeus hali bangi siku ya Sabato, ana dini huyu, anangoja jua litue tena leo ndipo aguse, ameishika amri ya nne kwa keki ya bangi, na ni mara ya kwanza anajisikia akiliwaza hilo mpaka mwisho wake, na masikio yanamwaka moto hapo alipoinama, angetamani tangi lote lipasuke limfunike... mkono begani, mzito, ni Mzee Omosa, "Kiongozi, namuona Anyona hana mtu. Enda wewe umtawadhe, momura wangu. Vijana wakiona watajifunza kitu," na Bosire, haraka kama nzi, simu ishatoka mfukoni, "Ee, hiyo ni kontenti safi, piga magoti pole pole nipate sura yako, tuweke kwa ukurasa wa vijana," na mara Thadeus anaiona picha yote kabla haijapigwa, yeye amepiga magoti, taulo begani, mkono wake juu ya ule mguu uliopasuka kisigino, mama Gladys analia kule upande wa wanawake, wazee wanatikisa vichwa, kijana mnyenyekevu kama nini, mioyo myekundu chini ya picha, mia, mia mbili, na Anyona ndani ya picha hiyo ametazama chini, hana neno, tena hana neno, atamwachia Thadeus na hii pia, kama alivyomwachia ile, na Thadeus anagundua kwamba angeweza, jambo hilo angeliweza kabisa, ni rahisi, kumwosha ni rahisi, ni kama kucheka tu, unakaa juu yake hata ukiwa umepiga magoti.

Maana ile miguu ina kosa gani, ile kule, ndiyo iliyoubeba mkungu wa ndizi na siri ya Thadeus sokoni, ikafika navyo mbali, havikudondoka, miguu iliyokosa ni hii ya hapa, iliyosuguliwa asubuhi kwa jiwe hadi ikawa haina hata chembe ya kuoshwa, na kama kuna mtu wa kupiga magoti basi si yeye, la, si yeye, yeye ni wa kuketi, kuketi pale benchini mbele ya Bosire na simu yake, mbele ya baba, avue hizi raba nyeupe, avue soksi, amnyooshee Anyona mguu, nianze mimi, nioshe wewe, na Anyona atauliza kwa nini, lazima atauliza, na hapo itabidi keki itoke, na soksi ya chini ya godoro, na vijana ambao hawakumtuma, na baada ya hapo hakuna tai itakayofungika vizuri shingoni, Bosire atacheka, baba atashusha sauti kwa mwanawe wa kumzaa... jasho linamtoka Thadeus kwenye baridi ya Sironga, jasho la kweli, anaogopa, jamani anaogopa, na bado jambo lile halitoki kichwani, limeketi. "Beseni imejaa, momura," Mzee Omosa anasema, na kweli limejaa, maji yanapita ukingoni, yanamwingia kwenye raba, baridi hadi kwenye vidole, na hajasogea, bomba linaendelea tone, tone, Bosire ameinua simu, wanaume foleni nzima wanangoja, na kule benchini Anyona amechoka kungoja, ameanza kuikunjua suruali yake, mguu mmoja, na Thadeus amesimama palepale anajaribu neno kimoyomoyo kabla ya kulipeleka kule, linakwama, analirudia, neno dogo tu ambalo lingetosha siku ile sokoni, nakujua, Anyona, nakujua.